Nilimshika Kapteni Ndevu

Vijana wangu wa kazini, mmenisumbua vya kutosha. Tangu mniage kwa keki na zile khanga mbili (asanteni, moja imeshachuja), haipiti wiki bila mmoja wenu kunipigia simu: "Mama Zuhura, andika." Haya, naandika. Niko nyumbani Mtanda, hapa Lindi, sina ratiba ya kuruka, na magoti hayaniruhusu kwenda mbali. Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea sitavigusa. Hayo waulizeni wahasibu. Nitaandika habari ya kazi yenyewe, na zaidi habari ya ile safari ambayo kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake. Wengine mmesikia nilimpiga kapteni kofi. Wengine mmesikia nilichanganyikiwa kwa woga nikaitupa ndege chini. Leo mtaisikia kwa mtu aliyekuwepo na akili zake zote.

Nilianza na ndege ndogo ya injini moja, tukipeleka watalii na wahandisi Kilwa Masoko, Songo Songo na Mafia. Siku ya kwanza niliyoruka bila mwalimu pembeni nilikuta mbuzi wamelala katikati ya uwanja wa Kilwa. Nikapita chini kuwatisha, wakainua vichwa, wakalala tena. Nikapita mara ya pili, ndipo mlinzi akatoka na fimbo, akitembea kama mtu anayekwenda kulipa deni. Abiria wangu, mhandisi mwenye haraka zake, akaniuliza kama kampuni haina rubani mwanamume. Nikamwambia inaye, lakini mbuzi hawa hawabagui. Uwanja ule niliujua kama ua wa kwetu: pale upepo wa mchana unapokusukuma kutoka upande wa bahari, na pale ndege inapopenda kuelea wakati wewe unataka ikae chini.

Baadaye nikahamia kwenye jeti ndogo za kukodi, zile zinazobeba matajiri na wagonjwa wa matajiri. Hapo ndipo nilipopewa Kapteni Athumani awe mwalimu wangu. Alikuwa mtu wa Pande, kule Kilwa, mtoto wa mkulima wa mihogo, na sijawahi kuruka na mtu aliyeisikiliza ndege kama yeye. Alikuwa akizima redio kidogo na kuinamisha kichwa, kisha anasema, "Pampu ya kushoto ina mafua." Fundi akifungua, anakuta kweli.

Alikuwa na ndevu fupi, nyeupe, alizozitunza kuliko viatu vyake. Ijumaa zilipakwa mafuta mazuri, lakini siku ya kuruka hazikuguswa na tone, maana mafuta na oksijeni havikai nyumba moja, vikikutana huwaka moto. Wakaguzi walimwambia azinyoe kabisa, kwa sababu barakoa ya oksijeni haikamati vizuri uso wenye nywele. Akawajibu kwamba ndevu zile hakuziazima kwao. Mwisho walikubaliana azipunguze mpaka barakoa ikae, nayo ikakaa, ilimradi uikandamize. Nawaambia mapema ili msije mkadhani nilizitafuta ndevu za watu kwa ajili ya mchezo.

Alinifundisha kuvaa barakoa kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, huku ananisemesha mambo mengine makusudi. Nikichelewa ananirudisha mwanzo. "Barakoa kwanza, maneno baadaye," alikuwa akisema. "Ukifa huku unaeleza, huna thawabu." Nilimchukia kwa mazoezi hayo. Vidole vilichubuka, na mara nyingine tulikuwa tumeegesha kwenye jua la Dar es Salaam, feni imezimwa, mimi bado navaa na kuvua kama mtoto anayejaribishiwa sare ya shule.

Na kila asubuhi kabla ya kuwasha injini nilimwamkia. "Shikamoo, kapteni." Naye hujibu, "Marahaba, mwanangu. Mafuta?" Au, "Marahaba. Upepo wa huko tuendako?" Hakuwahi kuiacha marahaba ikae peke yake. Ilikuja na swali nyuma yake, na ole wako usiwe na jibu. Nilizoea hivyo hata nikawa namwamkia nikiwa tayari nimeshika karatasi ya hali ya hewa.

Safari yenyewe ilitoka Afrika Kusini kuja Dar es Salaam. Abiria walikuwa wawili. Mmoja ni Mama Shirini, bibi wa ukoo wa Kihindi wenye duka la siku nyingi pale Lindi mjini, anarudi kutoka kutibiwa moyo. Wa pili ni mwanawe Karimu, aliyekodi ndege ili mama yake asihangaishwe na foleni. Mama Shirini tulikuwa tunafahamiana; baba yangu, Fundi Saidi, alishonea watu nguo nusu ya maisha yake kwa vitambaa vya duka lile. Aliponiona ngazini akasimama.

"Wewe si binti wa Fundi Saidi? Ndiyo unaendesha hii?"

"Shikamoo, Mama Shirini. Ndiyo, mimi na kapteni."

"Marahaba. Basi mimi nakaa karibu nikuone."

Akakaa kiti cha mbele kabisa. Ndege ile haikuwa na mlango kati yetu na abiria, ilikuwa na pazia tu, nalo akaliweka kando kama anafungua duka.

Kwa ambao hamjaanza masomo: huko juu, kwenye futi elfu thelathini na tisa tulipokuwa, hewa ni nyembamba, haimtoshi binadamu. Ndege hujazwa hewa inayotoka kwenye injini, na vali nyuma huiachia kidogo kidogo, ili mwili wako udhani uko juu ya mlima wa kawaida. Kuna kipimo kinachotuonyesha mwili unadhani uko wapi. Tunakiita mwinuko wa kabini. Kikianza kupanda wakati ndege yenyewe haipandi, jua hewa inatoroka mahali.

Tulikuwa tumeshavuka Ruvuma. Masikio yakanizibuka, nikatazama kipimo, nikakiona kinatambaa.

"Samahani kapteni," nikasema, "naona kama mwinuko wa kabini unapanda kidogo."

Sentensi hiyo, kama nilivyoiandika mwenyewe kwenye ripoti, imesomwa mbele yangu zaidi ya mara moja na watu waliotaka kunionyesha kosa langu. Samahani, naona kama, kidogo. Wanasema hivyo ndivyo adabu za pwani zinavyoua. Nami nawajibu: kapteni alinielewa palepale. Alizaliwa Pande, anajua "kidogo" ya mwanamke wa Lindi ina ukubwa gani. Aliinama, akatazama, akapeleka mkono kwenye swichi ili aiongoze vali mwenyewe badala ya mtambo. Hadi hapo alikuwa sahihi kabisa.

Kisha kukatokea mshindo nyuma, kama gunia la korosho limeangushwa toka kwenye lori. Ukungu ukajaa, baridi ikatuingia mifupani, pumzi ikatoka kifuani bila kuombwa. Taa nyekundu ikawaka na king'ora kikalia. Mkono wangu ukaenda kwenye barakoa kabla sijaamua chochote. Ilikuwa usoni, oksijeni inaingia, na mimi bado nashangaa. Jua lote lile la Dar es Salaam lilikuwa limelipa.

Kapteni hakuvaa ya kwake. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi, na mtu aliyeishi kwa kurekebisha vitu hapendi kuacha kitu nusu. Alitaka aitengeneze kwanza.

"Kapteni, barakoa!" nikapiga kelele.

Akageuka. Akanitazama kwa upole mwingi, akatabasamu, akasema, "Marahaba."

Nilisubiri swali. Naapa, hata katika hali ile nilisubiri swali lake, kwa mazoea. Halikuja. Marahaba ilikaa peke yake, na mimi sikuwa nimemwamkia. Macho yalikuwa wazi, mdomo unacheka, kidole kinachezea swichi, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka. Kukosa oksijeni hakuumi, wanangu. Kunakufurahisha. Unajiona umeshiba na mambo yako yote yamenyooka.

Nikarudisha nguvu za injini chini, nikafungua breki za hewa, nikaelekeza pua ya ndege ardhini. Hapo Kapteni Athumani akashika usukani wake kwa mikono miwili na kuanza kuuvuta. "Acha, acha, mwanangu. Tuko sawa." Mwanamume yule alikuwa na mikono ya chuma. Akili haikuwepo, lakini mikono ilikumbuka kazi, na kazi iliyoikumbuka ilikuwa kuibakiza ndege juu, mahali ambapo tungekufa sote wanne tukiwa tumefurahi.

"Toa mkono!" Nilimfokea mzee ambaye nilikuwa simpiti mlangoni. "Athumani, toa mkono!"

Ndiyo, nilimwita jina bila cheo. Hilo nalo limo katika mashtaka.

Nilimpiga kwenye kiwiko mpaka akaachia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye usukani. Wa kushoto ukavuta barakoa yake kutoka kwenye kishikio, nikamvika. Ikawa inavuja, nasikia hewa inapiga filimbi pembeni mwa shavu. Nikaingiza vidole chini ya kidevu, nikakamata ndevu, nikamvuta uso kwenye barakoa na kuikandamiza kwa kiganja. Alijaribu kunitoa. Sikutoka. Kwa hiyo tuliteremka hivyo, mimi naongoza ndege kwa mkono mmoja na kwa mwingine nimemkamata mzee wa watu ndevu, natangaza hatari kwenye redio kwa sauti ambayo mwongozaji wa ndege wa Dar es Salaam aliniambia baadaye ilikuwa ya mtu anayegombana sokoni. Nilikuwa nagombana kweli.

Nyuma yetu barakoa za abiria zilikuwa zimeanguka kama zinavyotakiwa. Karimu alimvika mama yake, kisha akajivika. Mama Shirini alikuwa amefunga mkanda, barakoa usoni, macho kwangu. Aliona kila kitu.

Nilipoiweka sawa ndege kwenye futi elfu kumi, ambako mtu anaweza kupumua bila msaada, chini yetu kulikuwa na mashamba ya Kiranjeranje. Nikaachia kidevu. Kapteni akapumua, akapepesa macho, akashusha barakoa yake na kunitazama kwa hasira ya mtu aliyeamshwa.

"Nani amekuambia ushuke?"

Hakukumbuka kitu. Kwake yeye, alikuwa anashughulikia swichi, na ghafla ndege iko chini na msaidizi wake ameshika usukani. Nililia ndani ya barakoa. Sikulia kwa woga. Woga ulikuwa umeshapita. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilijua palepale kwamba mtu niliyempenda kama baba hataniamini.

"Rudisha ndege," akasema. "Tunaendelea Dar."

"Hapana, kapteni. Natua Kilwa."

"Mafuta yanatosha."

Mafuta yalitosha kama tungebaki juu. Chini jeti hunywa kama ngamia aliyefika kisimani, na Dar es Salaam ilikuwa na mvua kubwa na ndege zimepangwa zikizunguka. Tena Karimu alikuwa anapiga kelele kwamba mama yake ameshika kifua. Zaidi ya hayo, sikuweza kumkabidhi usukani mtu ambaye kipande cha maisha yake kilikuwa kimekatika na hajui. Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Hakunipokonya, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Nikaiweka Kilwa Masoko, mbuzi walikuwa wameshaondolewa, na gari likampeleka Mama Shirini hospitali, ambako walimpumzisha na kumruhusu.

Mambo yote yaliyofuata yalianza kwa sifa. Mama Shirini alirudi Lindi akawa anamsimulia kila mteja jinsi binti wa Fundi Saidi alivyowaokoa. Bibi wa watu alikuwa na nia njema. "Kamshika mzee ndevu hivi, kamvuta hivi, kamvalisha kile kitu puani!" Anasimulia na mikono inaonyesha. Lakini mnatujua watu wa pwani. Habari ilitoka dukani "amemwokoa mzee", ikafika sokoni "amemshika mzee ndevu", na ilipoingia Mtanda ilikuwa "amempiga mzee kofi angani". Kumshika mzee ndevu huku kwetu si jambo dogo. Ni kama kumvua kanzu barabarani. Ikafika Pande, nyumbani kwake kapteni, wakati yeye mwenyewe bado anajaribu kukumbuka.

Mafundi waliifungua ndege wakakuta bomba la hewa ya injini limechomoka kwenye kibano chake na vali ya nyuma imekwama. Kapteni hakubisha. "Presha ilipotea, sikatai," alimwambia meneja wetu. "Lakini mimi nilikuwa timamu. Huyu binti alishikwa na woga akaninyang'anya ndege na kunivunjia heshima mbele ya abiria." Na chombo kinachorekodi sauti zetu kilikuwa kimeachwa kikifanya kazi pale Kilwa, umeme umewashwa, kikajirekodia juu ya maneno yale mpaka yakafutika yote. Mama Shirini aliona mikono, lakini kama kapteni alikuwa timamu au la hakuweza kuthibitisha; likabaki neno langu na neno lake.

Meneja akatuita. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, watu wa namna hiyo hupewa umeneja.

"Zuhura, hapa hakuna anayekufukuza. Omba radhi tu kwa mzee, yaishe, kesho uruke."

"Radhi ya nini, bosi?"

"Ya ndevu, ya kufoka, ya hiyo 'Athumani' uliyomwita. Ya jumla."

"Kama nisingemshika ungekuwa unaandaa mazishi manne. Ungewaomba radhi wafiwa kwa jumla?"

Kapteni akasema, bila kunitazama, "Mimi nilikuwepo, na nakumbuka nilikuwa sawa."

"Hukuwepo, kapteni," nikamwambia. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Methali ile iliingia vibaya. Niliona uso wake unavyofunga. Mtu yule alikuwa amenifundisha kila kitu, na mimi nilikuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba akili ilimtoka. Iliniuma. Lakini ilikuwa kweli, na sikuirudisha.

Baba akaniita nyumbani. Nilimkuta kwenye cherehani yake, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mwanangu, radhi haipunguzi nyama mwilini. Omba. Yule ni mzee wako."

"Baba, siku moja kutakuwa na binti mwingine kwenye kiti kile, na kapteni wake atakuwa anatabasamu kama alivyotabasamu Kapteni Athumani. Atakumbuka nini? Atakumbuka Zuhura alimshika mzee ndevu, kisha akaitwa akaomba radhi. Atasita. Huko juu ukisita kidogo tu mmekufa."

Baba alikuwa mtu wa kupima mara nyingi kabla ya kukata. "Haya," akasema. "Lakini salamu yake usiiache. Hasira ni yako, salamu ni haki yake."

Sikuiacha. Kila Idi nilimpelekea salamu Pande kupitia watu wa huko. Hazikurudi na jibu.

Kampuni iliniondoa kwa maneno mazuri sana. Barua nzima haikuwa na neno hata moja la kunichukiza, na nilikuwa sina kazi. Nikarudi kwenye ndege ndogo za Kilwa na Mafia. Mbuzi walinipokea, wengine nadhani walikuwa wajukuu wa wale wa kwanza. Mama yangu alilia, majirani walishauri, na wapo walioniambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikawaambia Idi huja kila mwaka. Ilichukua muda kampuni nyingine ikanirudisha kwenye jeti, na hapo ndipo nilipoanza kuwapata nyinyi, mmoja mmoja, mkiwa na miwani mikubwa ya jua na haraka isiyo na sababu.

Sasa niwaambie jambo ambalo halimo vitabuni mwenu. Tulipelekwa semina, mnakumbuka waliokuwepo, na mwalimu mgeni akatuonyesha picha ukutani kuthibitisha kwamba heshima yetu kwa wazee ni hatari ndani ya ndege. Akatushauri tuache shikamoo tukishaingia chumba cha marubani, tuitane majina ya kwanza. Wengi mlikuwa mnaandika. Nilisimama nikamwambia: mimi kapteni wangu nilijua amepotea kwa sababu nilikuwa naijua marahaba yake. Kama tungekuwa tunaitana Athu na Zuu, angeniambia "sawa, Zuu," na mimi ningemwamini. Yule mwalimu akasema hilo linavutia. Mgeni akisema jambo linavutia, ujue hataliandika.

Shikamoo haikunizuia kumfokea. Nilimwamkia asubuhi na nikamkamata ndevu mchana, na mikono yote miwili ilikuwa ya binti mmoja mwenye adabu. Msikubali kuambiwa mchague.

Na jambo la kazi: msiulizane "uko sawa?" Aliyekosa oksijeni siku zote yuko sawa, hakuna aliye sawa kumzidi. Muulize jambo linalotaka akili. Tunakwenda wapi? Mafuta kiasi gani? Jina la mkwe wako nani? Akikujibu kwa tabasamu, chukua ndege. Chukua kwanza, adabu utazikuta chini zinakusubiri. Na zoezi la barakoa lifanyeni mpaka mnichukie. Nilimchukia aliyenifundisha, na ndiyo maana niko hai kuandika.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, binti yake kapteni, Mwanahawa, alinipigia simu. "Mzee anaumwa, anakuulizia." Nikaenda Pande. Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba upande wa uani, amekonda, ndevu zimekuwa ndefu kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa kuwa hakuna tena mkaguzi.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Umenenepa."

"Nimestaafu."

"Hata mimi nilistaafu, sikunenepa hivyo."

Mwanahawa akaweka kiti. Kisha akanivuta pembeni, jikoni, akaninong'oneza huku analia: "Dada Zuhura, baba anaondoka na jambo hili moyoni. Analitaja kila siku. Sema tu neno moja, hata kama hulimaanishi. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angenilaumu. Nilirudi nikaketi. Nikautazama mkono wake juu ya shuka, ule uliokuwa unavuta usukani, sasa umebaki mishipa. Nilimpenda sana mzee yule. Kama kuna siku neno lile lilinijia mpaka kwenye meno, ni siku ile.

"Zuhura," akasema, "hujaja kuniambia kitu?"

"Nimekuja kukuona, kapteni. Na kukuombea."

"Ulinishika ndevu."

"Nilikushika."

"Mbele ya abiria."

"Mbele ya abiria. Na leo ukizimia mbele ya Mwanahawa nitakushika tena."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kuku walikuwa wanaparua karibu na mlango wa uani, Mwanahawa amesimama na birika mkononi, ananitazama kwa macho ya kunisihi.

"Nimekukasirikia miaka yote hii," akasema.

"Kasirika, kapteni. Nilikushusha ili uipate hiyo miaka."

Mwanahawa akaweka birika chini. Mzee alifungua macho, akanitazama vilevile alivyonitazama juu ya Kiranjeranje, mzima, akili zote zipo, na ghadhabu yake yote nayo ipo.

"Bado sijakusamehe," akasema.

"Sijakuomba," nikamjibu.